Maua Kwenye Pua ya Pikapu

Asubuhi ya Samran haikuanza mpaka amelisalimia gari. Alishuka ngazi mkono mmoja ukipapasa ubao, akafika chini ya nyumba yao iliyosimama juu ya nguzo, kwenye kivuli ambako zamani baba yake alikuwa akifunga nyati, akaanza na tairi la nyuma. Alilipiga teke la adabu, akasikiliza. Akazunguka hadi la mbele, akalipiga nalo, akasimama.

"Mama Pensi! Huku kushoto upepo umepungua."

"Limekwambia lenyewe?" Buaphan akamjibu kutoka jikoni, alikokuwa akigeuza wali wa kunata kwenye kikapu cha mvuke.

"Limeniambia. Wewe si una mazungumzo yako na mama wa kwenye gari? Basi mimi na matairi ndio tunaoelewana."

Buaphan alicheka, akafuta mikono, akashuka. Alijua ataitwa tu. Samran alikwishafungua boneti, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa chake cha siku zote, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili aliinusa. Aliisugua kati ya vidole viwili, akajua kama bado ina utelezi au imeshachoka. Maji ya rejeta aliyapima kwa kutumbukiza kidole. Mkanda wa feni aliubonyeza kwa dole gumba. Kilichomshinda ni kimoja tu, kujua oili imefika alama gani kwenye kijiti.

"Iko wapi?"

"Chini kidogo ya alama ya juu."

"Kidogo cha kwako au kidogo cha watu?"

"Kidogo cha watu, Baba Pensi. Nirudi kwenye wali wangu?"

Kisukari kilimwibia Samran macho, la kwanza kwa hila, la pili mchana kweupe mbele ya madaktari. Kabla ya hapo pikapu ile ilikuwa imebeba nusu ya mkoa wetu wa Roi Et. Ilibeba magunia ya mpunga, wapiga ngoma wa sherehe za hekalu, wagonjwa, maharusi, nguruwe, na siku moja ilibeba nguruwe na maharusi kwa pamoja, na hilo familia ile haijalisahau. Ilikuwa pikapu nyekundu, yenye kibandiko nyuma kilichoandikwa GARI HILI NI LA KIJANI. Samran alizaliwa Jumatatu na nyekundu haimfai mtu wa Jumatatu. Lakini nyekundu ndiyo waliyoimudu, kwa hiyo Buaphan akanunua kibandiko, balaa likipita lisome na kwenda zake. Kwetu magari ya namna hiyo yamejaa, wala hakuna anayeyacheka.

Macho yalipoondoka, watu wote walijua gari nalo litaondoka. Hawakumjua Buaphan. Mwanamke yule, ambaye maisha yake yote alikuwa abiria, alisema ataliendesha yeye. Samran akamfundishia mashambani baada ya mavuno, kwenye mabua makavu, kipofu akiwa kiti cha abiria anapiga kelele.

"Tia gia ya pili!"

"Ya pili iko wapi?"

"Ilipokuwa jana!"

"Jana nilitia ya nne, nawe ukanitukana!"

Kijiji kizima kilikuwa kikikaa kwenye matuta kutazama, na vitafunio mkononi. Lakini alijifunza. Mpaka tunapozungumza hapa, Buaphan ndiye anayempeleka mumewe kliniki, ndiye anayepeleka mboga za majirani sokoni, na Samran akiwa pembeni yake akisikiliza injini, neno lake la kwanza barabarani ni lile lile: "Mshale wa joto uko wapi?" Naye humjibu, "Katikati." Basi anatulia, anaegemea kiti, anakuwa mtu mzima wa nyumba yake.

Sasa, tangu siku waliyonunua pikapu ile, kazi waligawana. Injini ilikuwa ya Samran. Buaphan alikuwa na Mama Yanang, yule mama asiyeonekana anayekaa ndani ya kila gari na kulilinda. Samran alimwaga oili, akakaza nati, akapaka grisi. Buaphan alinunua makoja ya asmini na maua ya manjano, akachoma ubani, akaunganisha viganja na kumwomba mama huyo awarudishe salama. Hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake. Mwanamke hakufungua boneti zaidi ya kusoma kijiti alichonyooshewa, na mwanamume hakugusa maua. Zamani makoja yalining'inia kwenye kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Lakini Samran alipokuwa akimfundisha kuendesha alimkataza. "Dereva mpya hawekewi pazia mbele ya macho," alisema. Basi Buaphan akayahamishia nje, kwenye wavu wa mbele, kwenye pua ya gari, jipya juu ya la zamani.

Gari lilianza kuchemka jua la kiangazi lilipopamba moto. Mara ya kwanza ilikuwa pale kwenye daraja la kuingilia mjini. Mshale ulipanda, mvuke ukatoka, Buaphan akasimama pembeni ya barabara kuu, malori yanapita yanatikisa nguo, na mumewe anapapasa mlango atoke amsaidie. "Kaa ndani!" alimpigia kelele, na alikuwa hajawahi kumpigia kelele namna ile. Walisubiri likapoa. Mara ya pili ikawa hapo hapo, na mara iliyofuata kabla ya kufika hapo.

Samran alikagua kila kitu kwa vidole. Maji yamejaa. Mkanda umekaza. Mpira wa rejeta haujapasuka. Fundi wa mjini akabadilisha thamostati, akafungua pampu, akaifunga, akakuna kichwa. Gari likachemka wakiwa njiani kutoka kwake.

"Feni inahema," Samran alisema siku ile, kichwa kaelekeza mbele. "Inahema kama mtu mwenye mafua. Husikii?"

"Mimi nasikia feni, basi."

Walipofika nyumbani hakushuka. "Tuliuze," alisema.

Buaphan alishika usukani kana kwamba bado anaendesha.

"Mimi sioni, Mama Pensi. Gari linataka mtu anayeona. Likikufia barabarani usiku na mimi nimekaa kama gunia, itakuwaje? Mpigie simu Chatri, yule kijana wa mjini. Analipenda siku nyingi."

Binti yao Pensi, aliye kiwandani Rayong, akaunga mkono kwenye simu. "Mama, uzeni. Mtapanda ya abiria kama wenzenu."

Buaphan aliitikia "haya, haya," na moyo wake ukakataa katakata. Pensi hakuwapo zile siku gari lilipolazwa kwa fundi. Samran aliamka, akashuka ngazi, akafika chini ya nyumba, mikono ikapapasa hewa. Alisimama pale muda mrefu. Kisha akapanda tena, akakaa kwenye mkeka uso umeelekea ukuta, na hapo akabaki. Buaphan alimfinyangia wali kwa mkono, tonge kwa tonge, kama mtoto mdogo, naye akawa anafungua mdomo ili kumridhisha tu. Gari liliporudi, alisikia mlio wake tangu kona ya hekalu, akasimama mwenyewe na kuulizia sarawili yake. Buaphan hakuhitaji kuambiwa na daktari. Pikapu ikienda moja kwa moja, mumewe ataelekea ukutani moja kwa moja.

Sasa mwanamke kama huyo afanye nini? Injini haijui. Alikwenda kwa anayemjua. Alimnunulia Mama Yanang koja zito kuliko yote ya sokoni. Gari likachemka. Akaongeza jingine, na utepe wa rangi tatu. Likachemka. Kila lilipochemka aliona mama amekasirika zaidi, naye akazidi kumbembeleza. Makoja makavu hakuyatoa, maana kumvua mtu zawadi ukiwa unamwomba ni ufidhuli. Ilipofika Songkran, mwaka wetu mpya, siku za kumwagiana maji na kupakana udongo mweupe mashavuni, Buaphan alikoroga ule udongo bakuli zima kwa maji ya manukato yaliyobarikiwa na mtawa mkuu. Watu wazima hulipaka gari alama tatu kwa kidole. Yeye aliumwagia wote pale mbele, kupitia maua, hadi bakuli likakauka. "Mama," alinong'ona, "usikubali tuuzwe. Nakuomba."

Chatri alisema atakuja Jumamosi.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo Samran aliamka mapema akataka ndoo na sabuni. "Simpi mtu gari chafu," alisema. Aliliosha kwa viganja, bodi nzima, polepole, akipita kila kipele cha kutu anachokijua. Pale mlangoni, kwenye kibonyeo alichokipiga nyati mwaka Pensi alipozaliwa, mkono ulikaa. Buaphan alimwona, akageuza uso.

"Sasa muage Mama Yanang vizuri," Samran akamwambia. "Toa maua yake, mwambie anakwenda kwa mtu mwema. Asije akamsumbua Chatri."

Buaphan alichuchumaa mbele ya gari, akaunganisha viganja. Alishika fundo la koja la juu, fundo likagoma. Machozi yakaanza kumdondoka kwenye mikono, na kwa kuwa kipofu husikia hata pua inayovutwa, Samran alisikia.

"Acha, nikusaidie," alisema.

"Haya si ya kwako."

"Leo ni ya kwetu sote. Sogea."

Akapiga magoti kando yake. Miaka yote ile hakuwahi kupeleka mkono hapo. Vidole vilifuata maua mabichi, vikafuata makavu, vikapenya kwenye wavu, vikaingia ndani. Vikasimama.

"Mama Pensi. Hiki ninachoshika ni nini?"

"Koja la wiki hii."

"Nyuma yake?"

"La wiki ile."

"Na nyuma ya hilo?"

"Ni... la Songkran, nadhani. Na nepi." Alimaanisha tepe. Ulimi ulikuwa haufuati.

"Sasa washa tochi ya simu, utazame nyuma ya hilo. Uniambie unachokiona, usiniambie unachofikiri."

Akawasha. Akasukuma tepe pembeni. Pale panapotakiwa kuonekana rejeta, na vile vibati vyake vyembamba vinavyopitisha upepo, hapakuonekana kibati hata kimoja.

"Ni ukuta," alisema.

"Ukuta?"

"Mweupe. Umepasuka pasuka. Una maua ndani yake, kama pumba kwenye udongo wa nyumba."

Samran alipeleka kucha, akakwangua. Kipande cha udongo mkavu kikadondoka, kikavunjika chini. Kisha akauliza taratibu sana, "Udongo huu uliumwaga kwa kidole, au?"

"Kwa bakuli," Buaphan alisema.

Ndipo naye akaelewa. Alikaa chini, hapo hapo kwenye maji ya sabuni, sketi yote ikalowa. "Ni mimi," alisema. "Jamani, ni mimi! Mimi ndiye niliyelichemsha!"

Samran aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Buaphan alidhani analia. Hakuwa akilia. Lilikuwa lile cheko lake la zamani, linaloanzia tumboni na kuchelewa kufika mdomoni, na tangu macho yamwache hakuna mtu nyumba ile aliyelisikia.

"Unacheka? Nimekuulia gari, unacheka?"

"Umeliziba pua!" Akashika wavu asianguke. "Feni inavuta upepo, inavuta asmini! Nikasema inahema, nikasema ina mafua! Na fundi wa watu... fundi kafungua pampu, kafungua thamostati, kafungua kila kitu, lakini maua ya mama wa watu nani atayagusa? Ningekuwa naona, hata mimi nisingeyagusa!"

"Nyamaza, majirani wanasikia."

"Waache wasikie! Mke wangu amejenga ukuta kwenye gari!"

Buaphan alimpiga kofi la begani, na kofi lile likaishia katika kilio. Safari hii hakukificha. "Nilikuwa namwomba asiondoke," alisema.

"Nani? Gari?"

"Wewe! Gari ni bati. Nilikuona lilipokuwa kwa fundi. Ulikaa umeelekea ukuta, nakulisha kama kifaranga. Nikasema likienda hili, nitabaki na mwili wako kwenye mkeka na mwenyewe hayumo. Ndiyo nikawa namwongezea maua. Likichemka naongeza. Nilifanya ujinga, haya, lakini nilikuwa nakuombea wewe."

Cheko likakatika. Samran alinyoosha mkono, akakosa, akampata sikioni, kutoka sikioni akafika kwenye nywele, na mkono ukabaki pale ukidondosha maji ya sabuni.

"Na mimi nilikuwa naliuza kwa ajili yako," alisema. "Ulivyonipigia kelele pale darajani, nilisikia ulivyoogopa. Nikasema bora nife na ukuta kuliko huyu agongwe na lori kwa sababu ya kunibeba."

"Ungeniambia."

"Nawe ungeniambia."

Walikaa hivyo, wazee wawili kwenye tope mbele ya pua ya gari, hadi jogoo wa jirani alipokuja kudonoa ua.

"Haya," Samran akasema. "Lete mpira wa maji na mswaki. Mwombe radhi mama wa watu kwanza, mwambie hatukumtakia mafua."

Chatri alifika kwa bodaboda, fedha mfukoni, tayari kurudi akiendesha. Alimkuta Mjomba Samran kaingia nusu ndani ya boneti, miguu tu ndiyo inayoonekana, na Shangazi Buaphan amelala kifudifudi mbele, anasugua rejeta kwa mswaki wake mwenyewe wa meno.

"Shikamooni! Mnafanya nini?"

"Shika mpira," sauti ikatoka kwenye injini. "Maji yatoke ndani kwenda nje. Usipige kwa nguvu, utalaza vibati. Taratibu, kama unamwogesha mtoto."

Chatri, na shati lake jeupe la kutokea, akashika mpira. Uji mweupe ukaanza kuchuruzika na petali za manjano, ukatiririka chini ya nguzo, ukatengeneza kijito. Alitazama, akamtazama shangazi, akafungua mdomo.

"Usiulize," Buaphan akamwambia.

"Nanuka asmini mpaka sokoni, shangazi, nisiulize?"

Jua lilikuwa limepanda sana walipomaliza. Rejeta ilionekana, nyeusi, tundu kwa tundu, unaweza kuona mkono wa mtu upande wa pili. Samran alijaza maji, akafunga kifuniko, akafuta vidole kimoja kimoja. Buaphan akawasha. Samran aliinamia feni na sikio.

"Inapumua," alisema.

"Kwa hiyo tunaliuza au hatuliuzi?" Chatri akauliza, ingawa jibu alilisoma usoni mwao wote wawili. "Maana mimi bodaboda yangu imeshaondoka. Narudije mjini?"

"Panda nyuma," Samran akamwambia. "Tutakupeleka."

Ndivyo mnunuzi alivyorudishwa kwao na gari alilokuja kununua, amekaa nyuma kwenye bodi na shati lenye madoa ya udongo, anapungia mkono watu waliokuwa wakitoka hekaluni. Buaphan aliendesha. Jua lilikuwa lile lile la utosi, barabara inatoa mvuke. Walipita shule, wakapita kiwanda cha barafu, na daraja likaanza kuonekana mbele. Alikamata usukani kwa mikono miwili.

"Mshale wa joto uko wapi?" Samran akauliza.

"Katikati."

Wakapanda daraja. Lori likawapita, likatikisa vioo. Samran alikuwa ameshika dashibodi kwa viganja vyote viwili, anasikiliza kwa mwili mzima.

"Sasa?"

"Katikati, Baba Pensi."

"Katikati ya kwako au katikati ya watu?"

Buaphan alichukua mkono wa mumewe, akauweka juu ya mkono wake mwenyewe, pale kwenye gia, wakashuka daraja hivyo hadi upande wa pili. Nyuma Chatri alikuwa anagonga paa na kuwauliza kwa sauti kama leo ndio wanaoana au vipi.

Kesho yake asubuhi Samran alishuka ngazi kama kawaida yake. Tairi la nyuma, tairi la mbele. Alipofika mbele ya gari alipeleka mkono kwenye wavu, akaupitisha kushoto hadi kulia. Hakukuta kitu.

"Mama Pensi! Maua yako wapi?"

Buaphan alitoka jikoni na koja dogo la asmini mkononi, koja la mtu mmoja tu. Alikuwa amelinunua alfajiri, na tangu alfajiri alikuwa akizunguka nalo bila kujua pa kuliweka. Puani halirudi tena maishani mwake. Akalinyanyua karibu na kioo kidogo, akalishusha.

"Kwenye kioo ulinikataza," alisema. "Litanizuia kuona."

Samran alifungua mlango wa abiria, akapanda, akakaa mahali pake, akagonga kwa kidole kibao cha kukinga jua kilichokuwa mbele ya uso wake.

"Liweke huku kwangu," alisema. "Mimi halinizuii kitu."

Buaphan akainama juu yake, akalifunga pale. Samran akavuta harufu, akaegemea kiti.

"Haya, twende," alisema. "Mshale uko wapi?"

"Gari sijaliwasha, mzee."

"Liwashe basi."